Uzi Unaolala Kushoto

Bweni la Wasichana,
Shule ya Ufundi,
Sumbawanga.
21 Julai 1996

Dada yangu mpenzi Evodia,

Shikamoo, dada. Kabla sijakujulia hali, naomba radhi kwa kimya changu kirefu. Tangu siku ile ulipogeukia uani kwetu Matai ukarudi Tunduma bila kunywa hata maji, sijakuandikia mstari mmoja. Usidhani nilikusahau. Nilianza barua mara nyingi, nikaandika salamu, nikasimama hapo hapo, kwa sababu sikujua nifuatishe neno gani baada ya salamu. Leo ninalo neno, ingawa sijui kama ni zuri au baya. Utalipima mwenyewe.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji Adolfu na Lydia wetu. Bila shaka Lydia sasa anakimbia na kuuliza maswali. Najaribu kuiwaza sura yake nashindwa, kwa hiyo humpa sura yako ya utotoni, ile iliyo kwenye picha ya Komunyo ya Kwanza. Nisamehe kama nimekosea.

Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya mwaka huu ni kali kuliko ya mwaka jana. Upepo unateremka kutoka milima ya Mbizi tangu alfajiri, na vidole havishiki sindano mpaka tuvipashe juu ya pasi ya mkaa. Wenzangu wote wamekwenda likizo. Leonia, ambaye kitanda chake kiko karibu na changu, alinisihi niende kwao, nikakataa kwa kuwa kazi yangu ya mwisho haijakamilika. Sasa nalala peke yangu katika bweni lenye vitanda safu mbili, vyote vimekunjwa magodoro. Jumapili baada ya Misa watu husimama mlangoni mwa kanisa wakiulizana habari za mashamba kwa Kifipa, nami husimama kando kidogo kama mtu anayemngoja mtu. Kisha narudi shuleni. Yapo majuma ambayo sauti ninayoisikia zaidi ni ya mlinzi akikohoa getini.

Mama hajambo. Amevuna ulezi wa kutosha, na baba mdogo Gaudensi alimsaidia kuupura. Cherehani ya baba iko pale pale chumbani, imefunikwa kitambaa cha meza, na kila Jumamosi mama huifunua, huipangusa, huipaka mafuta na kuifunika tena. Hakuna anayeikalia. Wageni wanaokuja kumpa pole, maana bado wanakuja, huambiwa maneno yale yale: kwamba Tadei alikuwa fundi wa nguo za watu walio hai, na kwamba sindano yake haikugusa nguo ya marehemu mpaka anaingia kaburini. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno. Yaweke akilini, dada, kwa kuwa barua yote hii inayaelekea.

Sasa nikueleze kazi yenyewe. Mwalimu wetu wa ushonaji ni Sista Adela. Ni mtu wa maneno machache, asiyevumilia pindo lililopinda wala sentensi iliyopinda. Mwanzoni mwa muhula alituambia kwamba mtu anayekata kitambaa bila kujua kilikotoka ni sawa na mpishi asiyeuliza maji yamechotwa kisima gani. Akatuagiza kila mmoja achague vazi moja na kulifuatilia maisha yake: nani aliilima pamba, nani alisokota, nani alishona, nani alivaa, na vazi lilimfaidisha nani na kumwumiza nani katika safari hiyo. Kisha tutayasimulia maisha hayo mbele ya wazazi, wiki ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, vazi lenyewe likiwa mezani.

Leonia alichagua khanga ya bibi yake. Mwingine alichagua sare ya shule. Mimi nilikwenda sokoni nikanunua shati la mtumba, la kiume, la buluu hafifu lenye mistari myembamba. Sista aliniuliza kwa nini, nikamjibu kwamba ndilo vazi linalovaliwa na watu wengi mjini. Jibu hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote. Nililichagua kwa sababu nilitaka kuthibitisha kwamba baba alikuwa sahihi.

Wewe unakumbuka kuliko mimi jinsi ilivyokuwa. Miaka ya mgawo, kitambaa kilipopatikana kwa kupanga foleni tangu usiku, baraza ya baba pale Matai ilijaa watu, na mtu aliyepata marekani kipande alikileta amekikumbatia kama mtoto. Kisha biashara ikafunguliwa, marobota ya mitumba yakaanza kuingia, na mwaka baada ya mwaka benchi la wateja likawa tupu. Watu waliziita nguo zile kafa Ulaya, wakacheka, wakavaa. Baba hakucheka. Kwetu, nguo ya marehemu haiuzwi. Matanga yakiisha, ndugu hukaa, nguo hutolewa nje, na kila mmoja hupewa yake: huyu koti, huyu kofia, huyu shuka. Aliyevaa koti la marehemu huwa amebeba sehemu ya mzigo wake. Baba alisema kwamba watu wanaofunga nguo za wafu wao kwa waya na kuziuza ng'ambo ya bahari wamewauza wafu wenyewe, na anayezinunua ni mshirika wao.

Ndiyo maana shemeji Adolfu alipokuja na washenga, na baba akasikia kwamba anauza mitumba mpakani, mambo yakawa yale. Sihitaji kukukumbusha. Nilikuwa jikoni nikichochea moto, nikamsikia baba akisema kwamba mtu anayekula kwa nguo za wafu hataketi kwenye kiti chake. Ulipoolewa hakuja. Na alipofariki, ulipofika umechelewa, mama alikuruhusu wewe uingie, akamzuia Adolfu kwa neno lile lile la baba, kana kwamba baba bado yuko mlangoni. Ukakataa kuingia bila mume wako. Ulifanya haki, dada. Lakini mimi wakati huo niliamini kwamba baba naye alikuwa na haki yake, na nilitaka shati hili liniambie hivyo.

Basi nilianza na aliyeniuzia. Anaitwa Mama Rhoda, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, mwenye meza kubwa upande wa kusini wa soko. Vijana wanaomuuzia wana maneno. Waliponiona na sare yangu ya shule walianza: mambo, sista mdogo, chagua, jaribu, marehemu harudi kudai. Nilipomwambia Mama Rhoda kwamba nataka kujua shati langu lilikotoka, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Mwanafunzi, shati haliulizwi kabila. Linavaliwa."

Hata hivyo alinikaribisha. Nilimuuliza kama ni kweli nguo hizi ni za wafu. Alicheka mpaka akashika meza. Aliniambia kwamba alipoanza biashara naye aliamini hivyo, na alikuwa akizifua zote kwa chumvi kabla ya kuziuza. Kisha akapiga hesabu ya kichwani. Wazungu wakifa kwa wingi huo, alisema, nani angebaki wa kufunga marobota? Alinieleza kwamba nguo nyingi hutoka kwa watu wazima wa afya, waliozichoka tu. Wengine hawajazivaa hata mara moja. Karatasi ya dukani bado inaning'inia kwenye kifungo.

Dada, jambo hilo lilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimejiandaa kuwahukumu watu wanaouza nguo za wafu wao. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu aliye hai anayetoa nje shati zima, lisilo na tundu, kwa sababu limemchosha macho. Nilirudi bwenini nikawaza ni lipi zito zaidi. Sikupata wa kumuuliza.

Hatua ya pili ilikuwa pamba. Niliambiwa kwamba chini katika Bonde la Rukwa, upande wa Kaoze, wako Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na kwamba wengi wao walikuwa wakulima wa pamba huko walikotoka. Nilipata nafasi katika lori lililoteremka kuchukua mpunga. Nilipokelewa na mzee mmoja aitwaye Shigela na mke wake Kija. Joto la bondeni lilinishangaza, lakini mzee Shigela alikuwa amevaa koti la kike lenye bitana ya maua, nami nilishindwa kulitazama bila kutabasamu. Aliliona tabasamu langu, akalifungua koti wazi ili niyaone maua vizuri, akasema kwamba ng'ombe wake hawajawahi kulalamika.

Alinisimulia habari za pamba kwa kirefu: jinsi walivyopulizia dawa wakiwa wamefunga vitambaa puani, na jinsi mama yake Sayi alivyokohoa miaka mingi kabla ya kufariki. Mwishowe ardhi ikachoka na malisho yakafinyana, ndipo wakaswaga ng'ombe kuja Rukwa, ambako nako wenyeji wanawalaumu kwa kukanyagiwa mashamba. Kisha akashika upindo wa shati langu kwa vidole viwili. "Pamba yetu iliondoka nyeupe," alisema, "ikarudi na vifungo." Kija akamwambia aache kumtisha mtoto wa watu, akanipa maziwa ya mgando. Nilimshonea mzee bitana yake iliyochanika, nikapanda lori.

Kwa hiyo nilikuwa nimepata niliyoyatafuta. Mkulima amekohoa, kiwanda cha nguo cha huko kwao kimefungwa, fundi wa barazani amekosa mteja, na mtu wa mbali amechoka na shati lake. Niliandika kurasa nyingi. Sehemu ya baba niliiandika kwa uangalifu kuliko zote: fundi mmoja wa Matai aliyekataa kushiriki katika mnyororo huu, akabaki na njaa yake na heshima yake. Nilipoisoma niliona fahari. Niliwaza mama akiwa ameketi mbele na kitambaa chake cheupe cha WAWATA, kile cha akina mama wa kanisa, akiyasikia hayo mbele ya watu wote.

Sista Adela alizisoma kurasa zangu amesimama dirishani. Hakusifu wala hakukosoa. Alinirudishia akasema kwamba nimezunguka nchi nzima nikilitafuta shati, na shati lenyewe sijalifungua. Akaniagiza nilifumue, sehemu baada ya sehemu, na kuandika kila mkono ulioligusa.

Nilifumua alasiri ya Jumamosi, katika chumba cha ushonaji, peke yangu. Nilitumia mkasi wa baba, ule niliopewa matanga yalipoisha. Unajua kwamba mkasi ule haumtii mtu mwingine. Aliutumia kwa mkono wa kushoto maisha yake yote, makali yake yameliwa kwa upande usio wa kawaida, na ukiushika kwa mkono wa kulia unatafuna badala ya kukata. Lakini ncha yake bado inafaa kufumulia. Nilianza na mikono, nikaenda kwenye mfuko, nikamalizia na kola.

Kola ilikuwa imegeuzwa. Hilo si la ajabu. Kola ikichakaa juu, fundi huifumua, huigeuza ili upande mzima uwe juu, na shati huwa jipya. Cherehani ilikuwa imefanya sehemu kubwa ya kazi, lakini pembe zilimaliziwa kwa mkono. Nikainua pembe ya kwanza nitazame uzi ulivyoishia.

Dada, unaukumbuka ule mshono. Babu alikuwa mfumaji wa seketa, kitambaa chetu cha pamba cha zamani, na babu ndiye aliyemfundisha baba kwamba ncha ya uzi haikatwi ikaachwa nje. Hurudishwa chini ya mishono iliyotangulia mpaka isionekane. Baba alitufundisha hivyo hivyo, mimi nawe, tukiwa tumekaa mkekani: uzi urudi nyumbani, alikuwa akisema. Wewe na mimi hushona kwa mkono wa kulia, kwa hiyo uzi wetu ukirudi hulala kulia. Wa baba ulilala kushoto. Walimu walimpiga vidole kwa ajili ya mkono ule, na hawakuushinda.

Uzi katika pembe ya kola ulikuwa umelala kushoto.

Nilijiambia kwamba wako watu wengi wa mashoto. Nikainua pembe ya pili. Uzi ulilala kushoto, na ndani kabisa, mahali ambapo hakuna mvaaji wala mnunuzi angeona, palikuwa na msalaba mdogo wa uzi, mdogo kama punje ya ulezi. Msalaba huo sikuwahi kuuona katika kazi ya baba. Nilikaa pale mpaka kengele ya sala ya jioni ikalia, nisijue kama nimemkuta au nimempoteza.

Jumatatu nilikwenda kwa Mama Rhoda. Nilimuuliza nani humgeuzia kola. Alinitajia vijana wawili wa cherehani pale sokoni. Nikamwambia nauliza juu ya yule aliyekuwa akimgeuzia zamani, mtu wa mkono wa kushoto. Aliacha kukunja suruali aliyokuwa akiikunja. Akawaambia vijana wake waangalie meza, akanichukua mpaka kwenye stoo yake ya mabati nyuma ya soko, akafungua kufuli.

Aliniambia kwamba alikuwapo mzee mmoja aliyemjia miaka michache iliyopita. Hakutaka kutaja jina lake wala kwao, akaomba kazi yake ifanyike ndani, mlango ukiwa umerudishwa. Kwa kuwa hawakujua jina, walimwita Mzee wa Stoo. Alikuja Jumamosi moja moja, asubuhi, akaondoka na gari la jioni. Mashati aliyoyashika yalinunuliwa kabla ya mengine, ingawa wanunuzi hawakujua kwa nini yanawapendeza; hili langu tu lilikuwa limesahaulika chini ya robota mpaka mwaka huu. Kisha akaacha kuja. Mama Rhoda alidhani amepata kazi kwa mfanyabiashara mwingine, akamkasirikia. Akaniuliza mzee yule ni nani kwangu.

Nilimwambia kwamba ni baba yangu, na kwamba alifariki masika ya mwaka jana.

Mama Rhoda alisogeza marobota kando, akatoa kigoda kifupi alichokuwa akikikalia mzee, kikiwa kimeelekea ukutani, akakipangusa kwa khanga yake, akaniwekea nikikalie. Nilikaa, na uso wangu ukaelekea ukuta kama wa baba ulivyokuwa ukielekea.

Basi hizo ndizo Jumamosi alizokuwa akituaga kwamba anakwenda mjini kununua nyuzi na mafuta ya cherehani. Unakumbuka kwamba mama alikuwa akimfungia viazi vya kuchemsha. Na huko ndiko ilikotoka ada yangu ya miaka yote miwili ya kwanza, ambayo mimi na mama tuliamini kwamba imetoka kwenye ulezi. Alianza baada ya wewe kuolewa, dada, si kabla. Alikuwa amekwisha kulitamka neno lile kwa Adolfu mbele ya washenga na wazee. Mama Rhoda alinieleza kwamba siku moja, alipotaniwa kuhusu mlango wake uliofungwa, mzee alijibu kwamba aliwahi kuufunga mlango mwingine kwa nguvu mno, na tangu hapo hakumbuki ufunguo ameuweka wapi. Mama Rhoda alidhani anazungumzia nyumba.

Nilimuuliza juu ya msalaba. Alisema kwamba mzee hakuanza kushika nguo yoyote kabla ya kufanya ishara ya msalaba na kumwombea mwenye nguo, na akimaliza aliushona msalaba huo ndani. Mama Rhoda alimweleza, kama alivyonieleza mimi, kwamba wengi wa wenye nguo hawajafa. Mzee alitabasamu kidogo na kuendelea. Mama Rhoda alimwuliza basi msalaba ni wa nini, naye akamjibu maneno ambayo nilimwomba Mama Rhoda ayarudie ili niyashike vizuri:

"Kama ndugu zake wamemuuza, basi sisi tuwe ndugu zake."

Sikulia pale stoo. Nililia njiani, karibu na Milanzi, na watu walionipita walinipa pole wakidhani nimefiwa. Niliipokea pole yao.

Liko jambo moja zaidi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Nilipokuwa nikiinuka, Mama Rhoda alikumbuka kwamba siku moja mzee aliomba achague kitu katika robota la nguo za watoto, na akakataa kupewa bure. Alichagua gauni jeupe lililokuwa kubwa na limechanika kwapani. Alifanya kazi ile mchana wote: akalipunguza, akaligeuza kola, akalitia marinda mapya kifuani. Alipoulizwa ni la nani, alisema ni la mjukuu ambaye hajamwona. Jioni alimkabidhi dereva wa lori la Tunduma, akamwagiza aseme limetoka kwa masista wa Sumbawanga.

Dada, katika barua uliyoniandikia baada ya ubatizo wa Lydia uliniagiza niwashukuru masista kwa gauni. Niliwauliza, na hakuna aliyejua habari za gauni lolote. Nilidhani umekosea, nikaacha.

Kama bado unalo, litoe. Usilifumue. Pitisha kidole tu ndani ya kola, kwenye pembe ya mwisho, uone uzi umelala upande gani.

Sasa nipo mbele ya shati hili na sijui la kufanya. Wiki ya Kupalizwa mama atakuja na baba mdogo Gaudensi, ataketi mbele. Nikisimulia maisha ya shati hili yote, nitamvua mama kitu pekee alichobaki nacho cha kujivunia, na nitamvua mbele ya watu. Watu wa Matai watacheka, unawajua. Watasema Tadei alikuwa akila gizani alichokitema mchana. Lakini nikinyamaza, neno la baba litaendelea kusimama mlangoni kwetu likimzuia Adolfu, ilhali baba mwenyewe alikuwa ameliacha zamani, akakosa tu namna ya kulirudisha. Nimefikiri kumwambia mama peke yake, jikoni, kabla ya siku ile. Kisha namwona akiipangusa cherehani, na ulimi unakuwa mzito. Na nikimwambia, nitakuwa nimempa siri aliyoficha baba, naye baba hakunipa ruhusa.

Nilimuuliza Sista Adela kwa mbali, bila kutaja jina, fundi afanye nini akikuta mkono wa mtu anayemjua katika vazi. Alisema kwamba yeye aliagiza maisha ya vazi, hakuagiza maisha ya fundi. Lakini aliyeuficha mkono amelificha na vazi. Kisha akaniambia nikafunge madirisha kwa kuwa upepo umezidi.

Zile kurasa nilizoandika kwanza, za fundi aliyekataa kushiriki, nimeziweka kando. Hazina uongo hata sentensi moja kuhusu pamba na kiwanda na mtu aliyechoka na shati. Lakini nilikuwa nimemweka baba nje ya mnyororo, amesimama peke yake kama sanamu, kumbe alikuwa ndani, amepiga magoti. Sasa naona alikuwa mpweke huko stoo kuliko nilivyo mimi hapa, na nguo alizozishona ziko migongoni mwa watu mji mzima. Ninapopita sokoni nawatazama wanaume kola zao. Siwezi kujizuia.

Kola imelala hapa mezani, imefunguka, pembe zake zimeinuka, na sindano nimeitia uzi wa buluu unaofanana. Ni kazi ndogo. Nikiifunga, hakuna atakayeona kitu, hata Sista. Uzi wangu utalala kulia juu ya wake, basi.

Msalimie sana shemeji Adolfu. Mwambie kwamba shemeji yake mdogo anamwamkia, shikamoo, na kwamba nilitaka kumwamkia tangu siku ile ya uani. Mbusu Lydia. Jikingeni na vumbi la malori. Usihangaike kunijibu haraka kama kazi ni nyingi. Posta yenyewe unaijua.

Siku nitakapokuwa nimeamua, ama kuifunga kola hii ama kuiacha wazi mbele ya mama, nitakuandikia siku hiyo hiyo, na safari hii sitasimama kwenye salamu.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Luciana